Mashine ya Kufulia Isiyojua Kiasi cha Maji Yake



Katika majuma ya karibuni tumeletewa maswali matatu yaliyoulizwa kwa maneno tofauti, lakini asili yake ni moja. La kwanza limetoka Shangani: mashine ya kufulia hujaza maji bila kikomo hata yakachuruzika mlangoni. La pili ni la hapa hapa Magomeni: mashine haitaki kujaza kabisa, huvuta tu pampu ya kutolea maji ilhali pipa ni kavu. La tatu ni la ndugu yetu wa Mikindani, ambaye mashine yake husimama katikati ya kazi, ikaandika herufi mbili kwenye kioo chake na kuanza kulia. Wote watatu wameambiwa na mafundi kwamba bodi imekufa. Tumeona tuwajibu kwa pamoja, kwa kuwa katika mashauri mengi ya namna hii bodi husingiziwa.

Zamani mashine ya kufulia ilikuwa kitu cha nyumba chache mjini kwetu. Siku hizi, hususan baada ya msimu mzuri wa korosho, si ajabu kuiona imesimama barazani au pembeni mwa jiko, aghalabu mtumba wa Ulaya au wa Ghuba uliopitia Dar es Salaam. Wapo wanaoiona ni anasa. Sisi hatusemi hivyo. Mwenye mgonjwa wa kitandani, mwenye mapacha wachanga, na mwenye kuwafulia watu ili apate riziki, hao mashine imewaondolea mzigo mkubwa. Ndiyo maana inapoharibika huwa ni msiba wa nyumba nzima, na ndiyo maana mtu hukubali haraka bei yoyote atakayotajiwa.

Basi kwanza tufahamu mashine hujuaje kwamba maji yametosha. Wengi hudhani ndani ya pipa mna kitu kinachoelea, mfano wa lile boya la simtanki ambalo maji yakipanda nalo hupanda na kufunga bomba. Sivyo. Katika mashine nyingi za kujiendesha hakuna kifaa cha umeme kinachozama majini ili kuyapima. Kinachopimwa ni hewa. Chini ya pipa kuna kichumba kidogo cha plastiki, na juu ya kichumba hicho umechomekwa mpira mwembamba, unene wake karibu na wa kalamu, unaopanda hadi karibu na mfuniko wa juu wa mashine. Huko juu mpira huo huishia kwenye kidude cha duara mfano wa kifuniko cha kopo, chenye nyaya zake. Hicho ndicho kihisi cha kiwango cha maji, ambacho mafundi wengi hukiita swichi ya presha.

Anayetaka kuiona kazi yake kwa macho achukue bilauri, aigeuze kinywa chini, kisha aizamishe wima katika ndoo ya maji. Maji hayataijaza bilauri ile, kwa sababu hewa iliyomo imekosa pa kutokea. Inabanwa tu, na kadiri bilauri inavyozamishwa ndivyo hewa inavyozidi kubanwa. Kichumba cha chini ya pipa ni bilauri hiyo. Maji yanapopanda, hewa iliyonaswa katika kichumba na mpira hubanwa na kusukuma utando mwembamba wa mpira ulio ndani ya kihisi. Katika mashine za kizamani utando huo ukisukumwa vya kutosha hugonganisha vyuma viwili, na sauti ya "tik" husikika: maji yametosha, bomba na lifungwe. Katika mashine za kisasa utando husogeza kipande cha ferati ndani ya koili ya waya, na mtetemo wa umeme katika koili hiyo hubadilika. Bodi huhesabu mtetemo huo na kuutafsiri kuwa kiwango cha maji. Maji yenyewe bodi haiyaoni kamwe. Inaamini tu habari inayoletewa na hewa.

Nguvu inayozungumziwa hapa ni ndogo mno. Kila sentimita moja ya kina cha maji huongeza kanieneo ya takriban paskali 98. Maji yakifika kina cha sentimita 20 hewa ile hubanwa kwa karibu paskali 1,960, nayo haifiki hata sehemu mbili kwa mia ya kanieneo ya hewa inayotuzunguka hapa pwani, ambayo ni kama paskali 101,000. Mtu akipuliza kwa mdomo kwa nguvu hupita kiasi hicho mara kadhaa. Kwa hiyo tundu dogo kama la ncha ya sindano katika mpira ule latosha kuiharibu habari yote. Hewa huvuja kidogo kidogo, utando hulegea, na bodi huambiwa kwamba pipa ni tupu. Nayo, kwa utiifu, huendelea kufungulia maji.

Elimu ya kuyafanya maji yajizuie yenyewe ni ya kale. Ndugu watatu wa Baghdad, Muhammad, Ahmad na al-Hasan, wana wa Musa bin Shakir, waliandika katikati ya karne ya 9 Kitab al-Hiyal, kitabu kinachoeleza vyombo takriban 100, vingi vikiwa vya maji, na baadhi yake vikitumia maboya na vali zinazojifunga kiwango fulani kinapofikiwa. Zaidi ya miaka 300 baadaye, mwaka 1206, al-Jazari alikamilisha kitabu chake cha vyombo vya ufundi, zikiwemo saa kubwa za maji. Hatuyataji haya ili tujivunie kazi za wengine. Tumeyataja kwa sababu kijana wa madrasa aliyetusikia tukizungumza habari hizi alidhani kwamba kupima maji kwa hila ni jambo lililoanza na umeme.

Turudi kwenye mashine. Kabla ya kufungua skrubu hata moja yako majaribio matatu yasiyogharimu kitu, na yeyote nyumbani aweza kuyafanya.

La kwanza ni kwa yule wa Shangani. Mashine inapokuwa katikati ya kujaza bila kikomo, chomoa plagi ukutani, mikono ikiwa mikavu na miguu ikiwa mahali pakavu. Kisha sikiliza. Ikiwa maji yanaendelea kuingia ingawa umeme haupo, kihisi hakihusiki kabisa, wala bodi. Ni vali ya kuingizia maji iliyoshindwa kujifunga, na mara nyingi iliyoizuia ni chembe ya mchanga au chokaa. Kwetu jambo hili si geni: maji ya bomba yakikatika kisha yakarudi, ya mwanzo huja na rangi na mchanga wake, na wanaovuta maji ya kisima karibu na bahari huyajua makovu meupe yanayobaki kwenye sufuria. Funga bomba, fungua mpira wa kuingizia maji nyuma ya mashine, utakuta kichujio kidogo cha wavu. Kisafishe kwa mswaki wa zamani. Ikiwa vali bado inapitisha maji, ibadilishwe. Ama ikiwa maji hukoma pale pale plagi inapochomolewa na huanza tena inaporudishwa, hapo tuhuma zinarudi kwenye kihisi na mpira wake.

La pili ni mpira wa kutolea maji machafu, na hili huwadanganya mafundi wengi. Watu wa kwetu hupenda kuutoa nje kupitia dirishani au tundu la ukutani na kuulaza uani, ncha yake ikiwa chini ardhini ili maji yaende kwenye migomba. Mpira ukilazwa chini kuliko pipa, maji hujivuta yenyewe na kutoka kadiri yanavyoingia. Mashine hujaza, uani hutiririka, kiwango hakifikiwi, na saa nzima hupita. Mpira huo yapasa upande kwanza kwenda juu, kwa kawaida kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni, ndipo ushuke, na ncha yake isizamishwe ndani ya maji. Tumeshuhudia mashine "iliyokufa bodi" ikipona kwa kufungwa mpira huo kwenye nondo ya dirisha kwa kamba ya katani.

La tatu ni nguvu ya maji yanayoingia. Tangi lililo juu kwa mita moja hutoa takriban sehemu moja ya kumi ya bar. Vitabu vya mashine nyingi hutaka angalau nusu ya bar, yaani maji yaliyo juu kwa mita 5, ilhali simtanki nyingi za mitaani kwetu zimekaa juu ya matofali ya mita 2 au pungufu. Maji huingia kwa unyonge, muda uliowekwa na kiwanda hupita, na mashine husimama na kulalamika. Wa Mikindani aanzie hapa kabla ya kumlaumu yeyote. Na herufi zile azisome vizuri, kwani kila mtengenezaji ana zake. Katika mashine za LG, IE ni maji kutoingia ipasavyo, OE ni maji kutotoka, FE ni maji kupita kiasi, na PE ndiyo hasa ya kihisi cha kiwango. Katika Samsung, 4C au 4E ni ya maji kuingia, 5C au 5E ni ya maji kutoka, na 1C au 1E ndiyo ya kihisi. Yeye ametuandikia kwamba huona herufi mbili bila kuzitaja ni zipi. Tunamwomba azitaje.

Hapa tusimulie kisa kimoja, kwa ruhusa ya mwenyewe.

Mama mmoja wa mtaa wetu, mjane, hufua mashuka ya nyumba mbili za wageni. Mashine yake aliinunua kwa fedha ya kikundi cha akina mama, mkopo usio na riba unaorejeshwa kila mwezi. Jioni moja, naye yuko jikoni, mashine ilijaza maji hadi yakamwagika sakafuni na kuelekea ilipo ekstensheni, ambayo ilikuwa imelazwa chini kama zilivyolazwa katika nyumba zetu nyingi. Mjukuu wake wa miaka 7 aliyaona maji, akaenda pekupeku ili akazime. Alhamdulillahi, swichi kuu ya nyumba ilijikata yenyewe kabla mtoto hajaifikia ekstensheni ile.

Fundi aliyeitwa kesho yake alifungua, akatazama, akasema bodi imekufa, na bei aliyoitaja ilizidi nusu ya fedha iliyonunuliwa mashine. Mama hakuwa nayo. Kwa majuma mawili mashuka yalifuliwa kwa mikono kadiri alivyoweza, na nyumba moja ya wageni ikampa kazi mtu mwingine. Khabari zilipofika msikitini, kijana mmoja miongoni mwa waumini wetu, aliyesomea ufundi umeme, alijitolea kwenda kuangalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuitazama maiti?"

"Mama, tusiikafini kabla hatujaipima."

Alichomoa plagi, akafunga bomba, akaondoa mfuniko wa juu. Haikuchukua hata robo saa. Ule mpira mwembamba, karibu kabisa na kihisi, ulikuwa na alama za meno ya panya, na tundu mbili zilizopenya. Kwa bahati njema mpira ulikuwa na urefu wa ziada. Alikata sentimita 3 zilizoharibika, akaufuta ukauke, akauchomeka upya na kuubana kwa kibanio chake. Mashine ilijaza, ikasimama mahali pake, ikafua. Alipewa chai na mihogo ya kuchemsha, naye hakutaka zaidi.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na hizi wiki mbili atanilipa nani?" Hatukuwa na jibu. Kikundi chao kilimsogezea marejesho kwa mwezi mmoja, na kazi ya nyumba ile ya wageni haijarudi hadi tunapoandika haya.

Hatupendi kuwageuza mafundi wote kuwa watuhumiwa. Wengi hawana kitabu cha mashine wanayoitengeneza, hawana kipima umeme kizuri, na mteja naye huwasimamia kichwani akitaka jibu papo hapo. Lakini kuna tofauti kati ya fundi anayesema "sijui bado" na anayetaja bei kabla ya kupima. Kazi ya mtu ni amana mikononi mwa fundi, na ni haki ya mwenye mashine kuuliza: umeutazama mpira wa hewa? Umeupuliza? Umekipima kihisi? Fundi mwaminifu hataudhika kwa swali hilo. Na akisema bodi ndiyo mbovu, basi aioneshe bodi na aseme ni sehemu gani iliyoungua.

Anayetaka kufungua mwenyewe, shuruti ya kwanza ni plagi iwe imechomolewa na ionekane kwa macho kwamba imechomolewa. Kuzima swichi tu hakutoshi. Bomba nalo lifungwe. Katika mashine nyingi zinazofunguliwa mbele, mfuniko wa juu umeshikwa na skrubu mbili au tatu za nyuma. Zikitoka, mfuniko husukumwa nyuma kidogo na kuinuliwa. Kingo za bati ni kali, zinakata. Zinazofunguliwa juu aghalabu huwa na kihisi chake nyuma ya paneli ya vitufe. Ukishakiona, chomoa mpira taratibu kwa kuuzungusha, usiuvute kwa nguvu ukaivunja ile shingo ya plastiki. Ukague wote kwa kidole, hasa mahali unapogusana na bati, kwani pipa linapozunguka kwa kasi mpira husuguliwa hadi ukatoboka. Wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, hewa yetu ya pwani hubeba chumvi, nayo huota kutu ya kijani kwenye miguu ya kihisi. Safisha kwa brashi kavu na urudishe plagi ndogo mpaka ikaze.

Kisha puliza kwa mdomo ndani ya mpira kuelekea pipani, ukiwa umeuchomoa kwenye kihisi. Usipulize kuelekea kwenye kihisi kwa nguvu, wala usithubutu kutumia hewa ya kompresa ya kujazia magurudumu, kwani utando wake utapasuka. Pumzi ikipita bila kizuizi, njia ni safi. Ikigoma, umepata ugonjwa wa yule dada wa hapa Magomeni. Kichumba cha chini kimezibwa na utelezi wa kijivu, mchanganyiko wa sabuni, nyuzi na chokaa, na hewa iliyobanwa jana bado imenaswa humo. Kihisi huambiwa kwamba maji yamejaa, bodi huamuru pampu iyatoe, na pampu huvuta pipa kavu mchana kutwa. Dawa yake ni maji ya uvuguvugu yenye siki, yakimiminwa katika mpira na kuachwa kwa muda, kisha kupulizwa. Ukaidi ukizidi, kichumba chenyewe hufunguliwa na kuoshwa. Kabla ya kurudisha mpira, hakikisha ndani yake umekauka, na usiache ulegee kama bembea, maana matone ya maji yakituama katika sehemu ya chini ya bembea hiyo huziba hewa upya. Tundu la katikati lisizibwe kwa gundi ile ya kukauka haraka. Hugeuka ngumu kama kioo, na kwa mtikisiko hupasuka. Nunua mpira mpya wenye upana ule ule wa ndani.

Utelezi ule hautokei hivi hivi. Chanzo chake kikubwa ni sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono kutiwa katika mashine, tena kwa kikombe, kwa imani kwamba povu ndilo linalosafisha. Povu jingi hupanda hadi ndani ya kichumba na hata katika mpira, likavuruga kipimo. Ipo sabuni iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine, yenye povu dogo, na vijiko viwili vya chakula hutosha kwa nguo zisizo chafu sana. Bei yake ni kubwa kidogo kwenye paketi, lakini hudumu.

Akina mama wawili wametuuliza kama nguo iliyofuliwa na mashine yenye kihisi kibovu inafaa kuswaliwa. Suala la twahara lina ukurasa wake na masheikh wake, nasi hatutaingilia. Tunaloweza kusema kwa upande wa mashine ni kwamba kihisi kinapodhani maji yamejaa ilhali ni machache, nguo husuuzwa kwa maji pungufu, na mtu anaweza kulihakikisha hilo kwa kuisuuza nguo moja katika beseni safi. Yakitoka povu au rangi ya uchafu, mashine haikusuuza ipasavyo. Nguo yenye najisi inayoonekana ni bora iondolewe najisi yake kwa mkono kwanza kabla ya kutiwa pamoja na nyingine, iwe mashine ni nzima au mbovu.

Jambo la umeme hatuwezi kulipita haraka. Mashine nyingi za mtumba kutoka Ulaya huja na plagi ya miguu miwili ya mviringo. Soketi zetu zina matundu matatu ya mstatili. Mtindo uliozoeleka ni kuchomeka kijiti au ncha ya kalamu katika tundu la juu ili soketi ifunguke, kisha kuishurutisha plagi iingie. Mashine itawaka, ndiyo. Lakini waya wa ardhini, ambao katika plagi ile ya Ulaya hugusana na bati za pembeni, haujaunganishwa na chochote. Siku maji yatakapoifikia nyaya za ndani, bati lote la mashine laweza kushika umeme wa volti 230, na hakuna njia ya kuukimbiza isipokuwa mwili wa atakayeligusa. Kata plagi hiyo, mwite fundi umeme afunge ya miguu mitatu yenye waya wa ardhini, na ahakikishe soketi yenyewe ina ardhi ya kweli. Ekstensheni na ipandishwe ukutani, juu kuliko maji yanavyoweza kufika. Gharama ya yote hayo ni ndogo kuliko ya bodi.

Ikiwa mpira ni mzima, njia ni safi, na maradhi bado yapo, ndipo kihisi kipimwe. Kile cha kizamani chaweza kujaribiwa kikiwa mkononi: puliza kwa upole mno katika shingo yake, utasikia "tik" ikifunga, na ukiacha itafungua. Kisipotoa sauti, kimekufa. Kile cha kisasa chenye koili hupimwa kwa kipima umeme katika ohm, plagi ikiwa imechomolewa. Koili nzima huonesha ukinzani mdogo, makumi machache ya ohm. Kipima kikikaa kimya kana kwamba hakuna waya, koili imekatika. Katika mashine nyingi za Korea mtetemo wake hukaribia kilohezi 25 au 26 pipa likiwa tupu, na hushuka maji yanapopanda, lakini kipimo hicho hufanywa mashine ikiwa na umeme, nacho tunamwachia fundi. Nyaya kati ya kihisi na bodi nazo zipimwe mwanzo hadi mwisho, kwani panya aliyekula mpira hashindwi kula waya. Yote hayo yakiwa salama, hapo mtu ana haki ya kuishuku bodi.

Kihisi kipya kina namba iliyopigwa chapa mgongoni. Ipige picha uende nayo dukani, kwani viwili vyaweza kufanana kwa sura na miguu mitatu ile ile, kimoja kikatafsiri kina kimoja na kingine kingine. Kihisi cha mtumba kilichotolewa kwenye mashine ya aina ile ile hufaa, na hapa Mtwara huenda ndicho kitakachopatikana mapema. Na mwenye kununua mashine nzima ya mtumba amwombe muuzaji aijaze maji mbele yake, plagi na bomba vikiwepo, aone maji yanasimama wapi, kisha yatolewe na ngoma izunguke. Muuzaji akikataa, maduka yapo mengine.

Swali la dada wa Chikongola kuhusu mashine yake ya mapipa mawili tutalijibu juma lijalo, inshaallah. Nyingi za aina hiyo hazina kihisi hiki kabisa. Anayepima maji ni mfuaji mwenyewe kwa jicho lake, na ugonjwa alioueleza yaonekana uko kwenye mkanda wa mota.